Saa Kumi ya Simu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, najua mtayasoma kwenye simu, mmelala chali, kidole kikisukuma maneno juu. Sawa. Ila msiruke. Mimi nimeandika kwa kalamu kwenye daftari, herufi kubwa kubwa kwa sababu ya macho, na mjukuu wangu ndiye anayechapa. Nimemwonya asipambe kitu. Arekebishe tu herufi nilizokosea, na hizo ni nyingi, maana shule niliiachia darasa la nne.

Kuna programu moja ya simu inayowasomea watu maandishi kwa sauti, watu kama mimi ambao macho yamechoka. Ndani ya programu hiyo mna mistari aliyoiandika mjukuu wangu, na katikati ya mistari hiyo limeandikwa neno "bibi". Bibi huyo ni mimi. Wageni wa nchi za mbali wamelisoma neno hilo wakauliza maana yake. Lakini mistari ile isingekuwepo kama si somo yangu, rafiki yangu wa tangu usichana, na yeye hakuisikia hata mara moja. Habari yake ndiyo nataka muijue.

Wazazi wangu walikuwa na shamba kandokando ya makazi ya Ulyankulu. Nilikuwa msichana mdogo wakati wakimbizi wa Burundi walipoletwa pale, wakapewa mapanga na majembe, wakaambiwa msitu ule ndio kwenu sasa. Somo yangu alikuja na mama yake na ndugu zake wawili. Tulikutana kisimani. Yeye hakujua Kiswahili, mimi sikujua Kirundi. Asubuhi ya kwanza alinisalimu "bwakeye", nikamjibu "mwangaluka", tukatazamana, tukacheka, kila mmoja akijua kuwa mwenzake amesema kumekucha. Tangu siku ile tukaitana somo, na jina lake halisi nililitumia mbele ya padri tu.

Hatukuwa na saa, yeye wala mimi. Kwetu mtu alipotaka kutaja wakati alinyoosha mkono. Babu yake baba yangu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya wafanyabiashara kutoka huku Unyanyembe mpaka Ujiji, na upande wa pili mpaka pwani, na wapagazi walikuwa wa makabila mengi, lugha nyingi, kwa hiyo mkono ulifanya kazi kuliko mdomo. Unaelekeza uso kaskazini. Asubuhi unanyoosha mkono wa kulia, kwenye mawio, unaupandisha kadiri jua lilivyopanda. Jua likishapita utosi unabadilisha, unanyoosha wa kushoto. Ndivyo tulivyofundishwa watoto wote wa nyumba ile, nami nikamfundisha somo. Tukiagana jioni ananiambia, "Kesho hapa," mkono juu kidogo ya bega, nami najua ni wakati gani wa kukutana naye na ndoo.

Tuliolewa mwaka mmoja, tukazaa mwaka mmoja. Tulilima tumbaku mashamba yaliyopakana. Wanangu wamenyonya kwake nilipokuwa na homa, na wake wamenyonya kwangu. Baadaye mume wangu akapata kazi mjini, tukahamia Tabora, hapa Mtendeni. Yeye baada ya kufiwa na mumewe alichukuliwa na mwanawe, wakahamia upande wa Kigoma. Mara ya mwisho kuonana tulikuwa bado tuna meno. Nasema hivyo kwa utani, lakini ni kweli.

Simu zilipokuja tuliongea kidogo, halafu masikio yake yakaanza kuzimika. Anapiga kelele yeye, hasikii mimi. Ikawa anamtuma mjukuu wake wa kiume aandike ujumbe. Yeye hasikii, mimi sioni. Tulikuwa jozi moja kamili ya bibi vizee.

Hapo ndipo mjukuu wangu alipoingia. Huyu ni binti wa mwanangu wa tatu, ninakaa naye, anasoma mambo ya kompyuta chuoni. Kwa utani wa bibi na mjukuu ninamwita mke mwenzangu, kwa sababu marehemu mume wangu alimpenda kupita kiasi. Siku moja akachukua simu yangu akaibonyabonya, akasema, "Bibi, sasa hutanisumbua tena na meseji zako. Itakusomea yenyewe." Kweli ikasoma. Sauti ya mwanamke, inasema Kiswahili safi, ila haipumui. Mtu anayesema maneno yote hayo bila kuvuta pumzi alinitia wasiwasi siku ya kwanza. Siku ya nne nilikuwa nimemzoea. Nikawa namwamini kuliko watu wa nyumbani, maana yeye hapunguzi neno wala haongezi.

Sasa sikilizeni.

Ulikuwa msimu wa kiangazi. Mjukuu wangu alikuwa Nzega kwa mafunzo ya vitendo, wengine wametawanyika kwenye shughuli zao. Ujumbe ukaingia jioni, nikabonyeza, sauti ikasoma: "Shikamoo bibi. Tunampeleka bibi Dar hospitali kwa treni. Treni itafika Tabora kesho saa kumi kamili. Bibi anaomba sana muonane stesheni."

Saa kumi. Nikaisikiliza mara tatu. Nikapiga namba ile, haipatikani, walikuwa wameshaingia njiani kwenye misitu. Ya alfajiri sikuifikiria, hakuna mtu anayemwita bibi kizee stesheni gizani. Saa kumi jioni, basi.

Kesho yake niliamka nikafanya kazi kama bibi harusi. Nilikuwa na asali ya msituni, ya kweli, siyo hii inayochanganywa na sukari guru. Nikaichuja upya kwa kitambaa cheupe. Nikafunga michembe, maana alipenda kutafuna viazi vilivyokaushwa hata kabla havijapikwa. Nikafunga karanga. Saa tatu asubuhi nilikuwa nakaanga karanga. Saa nne nilikuwa nafua gauni la kwendea stesheni. Nakumbuka nilitazama jua, nikasema moyoni, bado lina kazi kubwa hilo.

Saa tisa bajaji ikanishusha stesheni. Nikakaa kwenye benchi, kikapu mapajani. Palikuwa patupu, lakini treni zetu zinajulikana, nikasema itachelewa na watu watakuja. Saa kumi ikafika. Ikapita. Mama mmoja anayeuza chai pale alikuwa anakusanya vikombe vyake. Akanitazama mara moja, akanitazama mara ya pili, akaja.

"Shikamoo mama. Unamsubiri nani?"

"Marahaba. Nasubiri treni ya kutoka Kigoma."

"Ya leo?"

"Ya leo, ya saa kumi."

Akaweka vikombe chini. "Mama, ya leo imeshapita. Imeingia saa nne asubuhi, imekaa hapa karibu saa nzima, imeondoka."

Akakitazama kikapu changu.

"Wewe ndiye wa asali?"

Nikamwambia ndiyo, mimi.

"Kulikuwa na bibi mmoja dirishani, mgonjwa, hasikii. Alikuwa anaulizia mama mrefu mwenye asali. Mjukuu wake amezunguka stesheni yote. Yule bibi muda wote alikuwa ametoa mkono dirishani, ameunyoosha hivi." Akanyoosha mkono wa kulia, juu ya bega, kati ya bega na utosi. "Mimi nilidhani anamwita muuza ndizi. Nikamwitia. Ndizi hakutaka."

Halafu akaingia kwenye kibanda chake akanitolea mzigo niliowekewa. Chupa ya mawese, imefungwa kwenye kipande cha kitenge.

Vijana, nataka mlifahamu hili. Saa nne ya asubuhi na saa kumi ya jioni, hapa kwetu Tabora, jua liko karibu urefu uleule. Mkono unapanda sawasawa. Tofauti ni mkono upi. Mimi nilikaa kwenye benchi lile jua likiwa kushoto kwangu, mahali palepale ambapo yeye alilionyesha likiwa kulia. Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikutaka bajaji. Asali ilikuwa nzito kuliko nilipokuja nayo.

Mjukuu wangu alirudi Ijumaa. Akapiga magoti, akanisalimu, akanusa.

"Bibi, mbona kuna harufu ya mawese? Kuna mgeni?"

"Mgeni alipita saa nne asubuhi. Mimi nilikwenda saa kumi."

"Nani alikwambia saa kumi?"

"Mtu wako. Huyo asiyepumua."

Akachukua simu akausoma ujumbe kwa macho yake. Nikaona uso unabadilika. Akanieleza polepole. Yule kijana wa somo yangu alikuwa ameandika kama alivyoiona kwenye tiketi: 10:00. Tarakimu tupu. Mtu mwenye macho, aliyezaliwa huku, akiona 10:00 anasema saa nne, na wala hajui kuwa amegeuza kitu, ni kama kupepesa. Lakini programu ile ilitengenezwa na watu wanaohesabu saa tangu katikati ya usiku. Aliyeiwekea Kiswahili alijua moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili. Saa zetu hakuzijua. Ikaona kumi ikasema kumi.

Nikamwambia maneno makali. Nikamwambia ameniletea mwongo nyumbani, akamvisha sauti nzuri, akaniambia nimwamini. Alitoka akaenda kuchota maji, ingawa ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Siku ya pili namkuta na kompyuta yake barazani tangu asubuhi. Chai imepoa pembeni. Nikamuuliza anafanya nini.

"Naandika kodi, bibi."

"Kodi ya nani? Nyumba hii nimejenga mimi na babu yako, simlipi mtu."

Akacheka, ndipo nikajua kuwa amenisamehe. "Siyo kodi hiyo. Ni maneno yanayoiambia kompyuta ifanye nini. Vitabuni wanaita msimbo."

"Basi iambie iache uongo."

"Ndicho ninachoandika."

Nikamuuliza anaingiaje kwenye mali ya watu kuandika anavyotaka. Akanieleza kuwa programu ile ni huria, maana yake imeachwa wazi. Imeandikwa na watu wengi wasiojuana, wa nchi mbalimbali, na yeyote anaweza kuona ndani yake ilivyoshonwa. Ukiona kosa unachukua nakala, unalisahihisha kwako, halafu unawapelekea wasimamizi ombi kwamba sahihisho lako liingizwe kwa wote. Wakiridhika, kila mwenye simu duniani anayetumia Kiswahili anapata.

"Na wasiporidhika?"

"Wanauliza maswali. Najibu. Wanauliza tena."

"Kumbe ni posa."

"Ni posa kabisa, bibi. Na mshenga ni mimi mwenyewe."

Nikaona aibu kidogo kwa jinsi nilivyomsema. Lakini sikumwambia. Nilimpashia chai.

Jambo lililonisukuma mimi lilikuwa moja, na yeye alilijua. Somo yangu alikuwa Dar, hospitali. Akipona atarudi kwa treni ileile, atapita Tabora. Ujumbe utakuja. Nilitaka siku hiyo nisimame stesheni kwa wakati, mkono wa kweli, upande wa kweli. Angeweza kuniambia mtu yeyote, ndiyo, ningeweza kumwomba jirani anisomee. Mjukuu wangu alilisema hilo. Nikamjibu kwamba jirani hayupo kila siku, na wako mabibi wengi ambao hawana jirani. Ukweli ni kwamba sipendi kuomba.

Sahihisho la kwanza alilijaribu kwangu. Alikuwa ameiambia programu ipunguze sita. Kumi ikawa nne, nikafurahi. Akaandika 6:00. Sauti ikasema, "Saa sifuri kamili."

"Saa sifuri ndiyo saa gani? Kabla Mungu hajaumba dunia?"

Akajikuna kichwa. Akaandika 5:00. Sauti, bila aibu, ikasema, "Saa hasi moja kamili."

"Hasi ni nini?"

"Ni chini ya sifuri, bibi."

"Mke mwenzangu, watu wataamka chini ya sifuri wafanye nini huko?"

Tulicheka mpaka jirani akauliza ng'ambo ya ukuta kuna sherehe gani. Akarekebisha. Sifuri ikawa kumi na mbili, na hasi ikarudi ilikotoka. Akapeleka ombi.

Tukakaa kusubiri. Kila asubuhi akinisalimu ninamjibu marahaba na ninauliza, "Wamejibu?" Siku ya tano wakajibu. Msimamizi mwenyewe ni mwanamke, anaishi nchi ambayo msimu wa baridi jua linachomoza kumeshapambazuka kwetu zamani, na mchana wenyewe ni mfupi. Aliuliza kwa adabu: kama Waswahili wanahesabu tangu jua linapochomoza, je, programu itabidi kwanza ijue simu iko wapi, ili ijue jua la pale limetoka lini?

Mjukuu wangu akaniuliza mimi. Nikafikiri vizuri, maana lilikuwa swali la mtu makini. Nikamwambia, "Mwandikie hivi. Hata hapa Tabora saa kumi na mbili asubuhi jua bado halijachomoza. Wa pwani wanalipata kabla yetu. Lakini hatujatengeneza saa yetu peke yetu, tulikubaliana na wa pwani tangu wakati wa misafara, tukahesabu pamoja. Saa ni makubaliano. Jua ni la kuangalia tu kama mwenzako hakudanganyi." Akaandika. Na kuhusu nchi ile isiyo na jua, nikamwambia ampe pole.

Yule mwanamke akashukuru, akaleta jambo la pili. Haitoshi kusema saa nne, alisema, maana saa nne ziko mbili kwa siku. Alitaka orodha ya saa zote ishirini na nne, kila moja na sehemu yake ya siku, na alitaka kujua chanzo: nani amesema kuwa saa fulani ni alfajiri na fulani ni asubuhi.

Tulikaa barazani baada ya chakula cha mchana, tukapitia saa moja baada ya nyingine. Yeye anataja, mimi najibu, vidole vyake vinachapa. Mwanzoni nilijibu haraka. Halafu nikaanza kuchelewa.

"Saa kumi na moja?"

"Alfajiri." Saa hiyo somo yangu alikuwa ananigongea dirisha kwa kijiti, twende kisimani kabla mbuzi hawajavuruga maji.

"Saa moja?"

"Asubuhi." Tumeshafika shambani, umande unatulowesha mpaka mapajani, yeye anaimba nyimbo za kwao kwa sauti ya chini, kwa sababu mama yake akizisikia analia.

"Saa sita?"

"Mchana." Hapo hakuna kunyoosha mkono, unaelekeza kidole juu tu. Tulikula chini ya paa la bani la kukaushia tumbaku, viazi na maharage, kutoka sufuria moja.

"Saa kumi, ile ya gizani. Wengine wanasema usiku, wengine alfajiri. Niandike nini?"

Wakati wa kukausha tumbaku, saa kumi hiyo ilikuwa zamu yetu ya kuchochea moto wa bani. Tulikuwa tunakaa tumeegemeana migongo, kila mmoja akitazama mlango wake wa moto, tunaongea bila kuonana nyuso. Mambo ambayo sikuwahi kumwambia mume wangu nilimwambia yeye, kwa mgongo.

"Alfajiri," nikasema. "Aliyelala aite usiku. Sisi tulikuwa macho."

Mjukuu wangu aliacha kuchapa. Baadaye, pale panapotakiwa chanzo, akaandika: "Bibi yangu, Tabora." Ndilo hilo neno nililowaambia.

Mtu mmoja wa pwani, naye ni mchangiaji wa programu hiyo, akaingilia kati. Akasema kwao saa kumi ya mchana huitwa alasiri, siyo jioni kama tulivyoandika. Nilikuwa tayari kupambana naye. Mjukuu wangu akaona, akasema, "Bibi, tukibishana itachukua wiki mbili nyingine." Siku ile kijana wa somo alikuwa ameandika kuwa bibi anaweza kuruhusiwa karibuni. Nikamwachia mtu wa pwani alasiri yake. Ni mara chache nimemwachia mtu kitu upesi hivyo.

Ombi likakubaliwa. Nilitegemea vigelegele, kumbe ni alama ndogo tu ya rangi iliyobadilika kwenye kioo. Msimamizi aliandika neno moja kwa Kiswahili, "Asante", akaliandika sawasawa. Siku chache baadaye mjukuu wangu akaingiza programu mpya kwenye simu yangu, akajitumia ujumbe wa majaribio, 10:00. Sauti ikasema, "Saa nne kamili asubuhi." Ikasema bila kupumua, kama kawaida yake. Nilichuja asali upya siku hiyohiyo.

Ujumbe wa kwanza iliousoma ulikuwa wa kikao cha akina mama kanisani. Wa pili wa mtu aliyekosea namba. Wa tatu ulikuja nikiwa nachambua mchele.

"Shikamoo bibi. Bibi ametutoka leo saa moja kamili asubuhi. Tutakujulisha."

Niliuweka mchele chini. Sikurudia kusikiliza. Nilijua kuwa sauti ile sasa haikosei.

Saa moja asubuhi nilikuwa nafagia uwanja. Hakuna kitu kilichoniambia. Watu husema wameshtuka, wameona ndege, wameota. Mimi nilikuwa nafagia tu, na nilikuwa nalalamika juu ya majani.

Kesho yake ukaja mwingine. Wanamrudisha kwa gari akazikwe Kigoma, watapita Tabora siku inayofuata. Sauti ikasema, "Saa tano kamili asubuhi." Mjukuu wangu akachukua simu kutoka mkononi mwangu, akausoma ujumbe kwa macho, akaurudisha. "Ni kweli, bibi. Saa tano."

Tulikuwa kwenye barabara ya kuelekea Urambo tangu saa tatu. Mjukuu wangu alikuwa amebeba kikapu. Nilisimama, uso kaskazini, na gari lilipotokeza kwa mbali sikupunga kama watu wanavyopunga. Nilinyoosha mkono wa kulia, nikaupandisha mahali jua lilipokuwa, nikauacha hapo. Bega liliuma. Gari likapunguza mwendo, likasimama.

Kijana akashuka, macho mekundu. Sikuwahi kumwona maishani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Umenijuaje?"

"Kwa mkono. Tulipokuwa tunakwenda Dar, bibi alituambia njia nzima, tutafute mkono."

Wakanifungulia nyuma. Niliweka kiganja juu ya mbao. Zilikuwa za moto kwa jua la njiani. Nikasema, "Bwakeye, somo." Nikasubiri kidogo, kwa mazoea, ili anijibu. Kisha nikampa kijana asali na michembe, nikamwambia asali ni ya wafiwa na michembe ni ya somo, aiweke pale anapojua yeye. Dereva aliwasha gari. Walikuwa na safari ndefu, Kaliua, Usinge, na misitu yote ile, njia ya wapagazi.

Chupa ya mawese ipo. Asubuhi za baridi inaganda juu, jua likipanda inayeyuka. Sijaifungua. Mjukuu wangu ameniuliza mara moja tu kama nitaipikia, akaona jibu usoni.

Jioni ile ya gari nilipofika nyumbani niliwakusanya wote walio chini ya paa langu, wanangu, wajukuu, na mkwe wangu ambaye alikuwa anataka kwenda kutazama mpira. Wakasimama mlangoni, na mlango wetu umeelekea kaskazini. Nikawaambia: kuanzia leo hakuna atakayetaja saa katika nyumba hii bila kunyoosha mkono. Jua likiwa mawio, wa kulia. Likishapita utosi, wa kushoto. Hata kama unaongea na simu na mwenzako hakuoni, nyoosha.